Kabla Hujafungasha Ndoo: Kwa Binti Anayehisi Anaitwa Utawani

Mtihani wa kidato cha nne huisha Novemba, na ikifika Desemba simu yangu haipumziki. "Tumsifu Yesu Kristo, Sista." "Milele amina, mwanangu." Kimya kidogo, pumzi, kisha: "Sista, nataka kuwa kama wewe."

Kama mimi! Nina miaka 62, goti la kushoto hunitabiria mvua kabla ya redio, na kazi yangu siku hizi ni kuku 200 wa mayai na kuoka hostia, ile mikate ya Misa, kila Jumatano. Ila najua wanachokitafuta, maana nilikuwa mlezi wa wapostulanti, mabinti wanaojiandaa kuingia utawani, kwa miaka 14, na zamani zaidi nilikuwa mmoja wao. Nimechoka kurudia maneno yaleyale kwenye simu huku salio la mtoto wa watu likikatika, kwa hiyo nayaandika hapa. Niko kwenye shirika la kijimbo, Nyanda za Juu Kusini. Jina lake sitalitaja. Sikutafutii wewe nyumba, nakuonyesha namna ya kuitafuta.

Usije na ndoo

Jumamosi moja giza linaingia, mlinzi alinifuata jikoni akasema kuna binti getini. Nilimkuta ameikalia ndoo yake ya plastiki iliyofungwa kwa khanga, godoro la inchi tatu limeviringishwa pembeni. Alikuwa amesafiri siku mbili. Kwao walijua yuko kwa shangazi yake Makambako. Habari zetu alizipata kwa sista mmoja aliyekaa naye kiti kimoja kwenye basi, mwaka mzima nyuma. Tulimpa ugali na maharage, tukampa kitanda, na asubuhi baada ya Misa nikampigia baba yake. Sauti ya yule baba sijaisahau. Hakugomba. Aliuliza neno moja tu: "Mzima?"

Jumatatu tulimkatia tiketi akarudi. Alilia mpaka basi likapotea kwenye kona. Baada ya miezi 11 alirudi na baba yake, barua ya paroko mkononi, na safari hiyo tulimpokea kama mtu aliyekuwa akitarajiwa.

Na tafadhali usiniambie Mwenyeheri Anuarite alipanda lori. Kila mwaka kuna anayenitolea hoja hiyo. Ni kweli, Anuarite Nengapeta wa Kongo alijipenyeza kwenye lori lililokuwa likipeleka wasichana utawani Bafwabaka bila kumuaga mama yake. Yeye hakuwa na simu. Wewe unayo, ndiyo unayonipigia.

Mtu wa kwanza kumwambia ni paroko wako au katekista wa kigango, au sista aliye karibu nawe ambaye amekuona ukikua. Mwambie mmoja, siyo wote. Ukilitangaza kwenye jumuiya kabla hujajielewa, kesho utaitwa "Sista" sokoni, na siku ukibadili mawazo utaona aibu kurudi nyuma. Nimewahi kupokea wasichana walioingia utawani kwa sababu ya aibu hiyo tu.

Pikipiki yangu

Wengi huniuliza ishara. Wanataka nisimulie ndoto, au sauti usiku kama Samweli. Mimi niliitwa na pikipiki.

Kwetu ni Mbinga, milimani, kwenye kahawa na mashamba ya ngolo, yale ya mashimo. Miaka ya sabini kulikuwa na sista wa zahanati ya misheni aliyepita kijijini kila Alhamisi kwenda kliniki ya watoto. Alikuwa na Honda nyekundu. Shela ameikaza kwa fundo kisogoni, vumbi linamfuata. Kijiji kizima hapakuwa na mwanamke mwingine aliyeendesha chombo chochote, hata baiskeli. Nikasema hiyo ndiyo kazi yangu. Basi. Hapo hakuna roho wala utakatifu, kuna mtoto wa miaka 11 na tamaa ya pikipiki.

Mwaka uliofuata niligundua kwamba kliniki ikiisha, kabla hajapiga kiki, alikuwa akiingia kwenye kanisa letu la tope, anavua viatu, anakaa benchi la tatu robo saa bila kufanya kitu. Nilianza kumchungulia dirishani. Halafu nikaanza kuingia na kukaa benchi la nyuma. Halafu akahamishwa, pikipiki ikaondoka, na mimi nikaendelea kuingia Alhamisi. Nimeshika nadhiri miaka zaidi ya 35 na sijawahi kuendesha pikipiki hata mita moja.

Kwa hiyo sijali ulivutwa na nini. Shela nyeupe, nyimbo, viatu vyeusi, sista aliyekulipia ada: vyote ni vya kawaida. Jiulize kitu hicho kikiondolewa, unabaki na nini. Chukua daftari, ujipe miezi 3. Misa ya siku ya kazi mara moja au mbili kwa wiki kama kanisa liko karibu. Soma Injili ya siku hata aya 10. Ungama kila mwezi kwa padre yuleyule ili akujue. Halafu mtafute mgonjwa mmoja au mzee mmoja wa jumuiya yenu, umfulie, umchotee maji, bila kumpiga picha na bila kumwambia mtu. Andika kila Jumapili mistari mitatu: nilifurahi wapi, nilichoka wapi, nilikwepa nini. Miezi mitatu ikiisha, lisome lote kwa siku moja. Hapo utaona mwenyewe kama ni njaa au ni hamu ya pilau ya sherehe.

Kuna sababu ambazo nikizisikia nakurudisha taratibu. Umeachwa na mchumba: pona kwanza, njoo mwakani. Umefeli na unaona aibu: rudia mtihani. Unataka kusomeshwa: mashirika husomesha, ndiyo, ila yanakusomesha yanachohitaji, unaweza kutaka udaktari ukapelekwa ufundi cherehani. Unakimbia kuozeshwa kwa nguvu: hiyo ni hatari ya kweli, na tutakusaidia kufika ustawi wa jamii, lakini kukupa hifadhi na kukupa shela ni mambo mawili. Na kama ni mama yako aliyeweka nadhiri ulipougua surua kwamba ukipona atakutoa kwa Mungu, nadhiri ile ni ya mama. Sheria ya Kanisa inasema anayeingia unovisi, yaani kipindi cha majaribio kabla ya nadhiri, kwa kulazimishwa, kwa hofu kubwa au kwa kudanganywa, kuingia kwake ni batili. Mtakatifu Bakhita wa Sudan, aliyewahi kuuzwa mara nyingi kama mbuzi, alianza kwa kutangazwa na mahakama ya Venice, tarehe 29 Novemba 1889, kwamba ni mtu huru. Unovisi ulikuja baadaye, 1893, kwa hiari yake.

Shela zinafanana, nyumba hazifanani

Watu wakiona shela hudhani sisi sote ni kitu kimoja. Kuna mashirika ya kijimbo kama letu, yaliyo chini ya askofu wa mahali. Kuna ya haki ya kipapa, ambayo yako chini ya Vatikano moja kwa moja na mara nyingi yako nchi nyingi. Huko jiandae kujifunza Kiitaliano, au kupelekwa mahali ambapo ugali hawaujui. Kuna ya kitume, yenye shule, zahanati na vituo vya yatima. Na kuna wamonaki wa ndani, kama Waklara na Wakarmeli, ambao utume wao ni sala nao hawatoki nje ya kuta ila kwa sababu maalumu. Usiingie kwa Wakarmeli kama huwezi kukaa saa moja bila kuzungumza. Malezi yao nayo ni marefu, tangu maelekezo ya Vatikano ya 2018 ni miaka isiyopungua 9 kabla ya nadhiri za daima.

Tanzania tuna mengi yaliyozaliwa hapahapa: Masista wa Bibi Yetu wa Kilimanjaro kule Moshi, wa Moyo Safi wa Maria pale Mgolole Morogoro, Wabenediktini wa Mtakatifu Agnes wa Chipole upande wa Songea, Wateresina wa Iringa, Masista wa Mtakatifu Theresia Bukoba. Majirani walitutangulia: Bannabikira wa Uganda walianza 1910, na Dada Wadogo wa Mtakatifu Fransisko, ambao wako pia Kenya na kwetu, walianzishwa Nkokonjeru, Uganda, mwaka 1923 na Mama Kevin, sista kutoka Ireland. Kila nyumba ina karama yake, yaani sababu iliyomfanya mwanzilishi aianzishe. Uliza sababu hiyo. Kama sista anayekuvuta hawezi kukueleza kwa dakika tano, muulize mwingine.

Hakikisha shirika lipo. Nasema hivi kwa uchungu, maana wapo watu wanaoshona sare, wanapanga nyumba, wanakusanya mabinti na michango. Mwombe paroko aulize ofisi ya jimbo. Tangu Novemba 2020 hata askofu hawezi kusimika shirika jipya la kijimbo bila kibali cha maandishi cha Vatikano, kwa hiyo kundi linalojiita shirika jipya lazima liwe na karatasi. Ukiambiwa tuma hela ya fomu kwa namba ya mtu binafsi, acha. Na mtu yeyote, awe na kola au hana, akikudai mwili wako ili akuandikie barua, hiyo siyo njia ya utawani. Ondoka, mwambie mtu mzima unayemwamini, ripoti. Utapata barua kwingine.

Angalia kucha za wazee

Mashirika mengi yana siku za "Njoo uone", kwa kawaida likizo ya Juni au Desemba. Nenda kwenye nyumba mbili tofauti kama nauli inaruhusu. Wengi wakija hujikaza kanisani: mikono imeunganishwa, macho yamefumbwa, utadhani picha ya Komunyo ya Kwanza. Hatuangalii huko. Tunaangalia jikoni.

Nitakupa mfano. Mwaka mmoja walikuja mabinti 9. Siku ya pili sufuria la ugali liliungua, lile kubwa la watu 60, ukoko umeshika chini unene wa kidole. Baada ya chakula wote walipotea kwa ustadi. Wawili walikwenda kuabudu Sakramenti. Alibaki mmoja mfupi, mnyamavu, ambaye nilikuwa nimeshamwandikia kwenye kitabu changu "bado sana". Alimwaga maji, akaliacha liloe, akaenda kuchota majivu, akarudi akaingiza kichwa na mabega yote ndani ya sufuria akisugua kwa gunzi. Nilisikia anaimba humo ndani, sauti inatoka kama kwenye pipa. Nilifuta yale maneno mawili. Leo ndiye mhasibu wetu, na bado ni mnyamavu.

Wakati sisi tunakuangalia, na wewe tuangalie. Omba kupelekwa kwenye nyumba ya masista wazee. Usitazame mapazia. Shika mkono wa sista mzee kabisa, yule asiyejua tena leo ni siku gani, utazame kucha zake. Zikiwa zimekatwa na kusafishwa, kuna mtu katika nyumba ile anayepiga magoti mbele ya mzee huyo kila wiki na kiwembe na beseni. Utazeeka hapo. Zikiwa ndefu na nyeusi, nyumba inaweza kuwa na kwaya nzuri na bado nisingemshauri binti yangu aingie.

Halafu uliza maswali ya hela, ambayo mabinti huona haya kuyauliza na baadaye huwatoa machozi. Nikiajiriwa serikalini kama muuguzi, mshahara unaingia wapi? (Kwetu na karibu kote: mfuko wa jumuiya, nawe unaomba mahitaji yako, hata sabuni na pedi.) Nikiugua nani analipa? Nyumbani naenda likizo mara ngapi? Simu naruhusiwa lini? Mama yangu akilazwa, shirika linasaidiaje? Hili la mwisho ulisikie vizuri: ukishaweka nadhiri ya ufukara hutakuwa yule dada wa mjini anayetuma hela ya mbolea. Kama wadogo zako wanne wanakutegemea wewe peke yako, kaa nao kwanza.

Uliza pia: nikitoka je? Sheria inasema anayetoka hana haki ya kudai malipo kwa kazi aliyofanya shirikani, ila shirika linatakiwa kumtendea kwa haki na upendo wa Kiinjili. Hayo maneno ni mapana. Kuna nyumba zinampa anayetoka cherehani na mtaji kidogo, kuna nyumba zinampa nauli na gauni. Uliza walifanya nini kwa wa mwisho aliyetoka. Mimi mwenyewe shirika la kwanza nililoliandikia, baada ya kusoma habari zake kwenye gazeti la *Kiongozi*, lilinijibu kwa mstari mmoja kwamba nafasi zimejaa. Wakati huo nililia. Leo ningewashukuru kwa kujibu, maana wengine hawajibu kabisa.

Makaratasi

Hapa hapana mengi. Cheti cha ubatizo kipya, kilichotolewa karibuni na parokia ulikobatizwa, siyo kile cha zamani kilichokunjwa kwenye Biblia ya bibi. Kipya ndicho kinachoonyesha kama kuna ndoa au nadhiri iliyoandikwa pembeni ya jina lako. Cheti cha Kipaimara. Barua ya paroko. Cheti cha kuzaliwa na matokeo ya shule. Vipimo vya afya: damu, kifua kikuu, homa ya ini, VVU, ujauzito, na vingine watakavyotaja. Kuwa na ugonjwa haimaanishi mlango umefungwa, kila shirika lina utaratibu wake, ila kuuficha kutakutoa baadaye kwa aibu. Ndoa halali inayoendelea inakuzuia. Deni usiloweza kulilipa nalo ni kikwazo, kwa hiyo maliza ya VIKOBA, na mwenye mkopo wa chuo aseme mapema.

Mtoto? Kwa sheria ya Kanisa kuwa na mtoto peke yake si kizuizi, lakini mtoto anayekutegemea ana haki juu yako kabla ya shirika lolote, na mashirika mengi yatakukatalia. Sema ukweli siku ya kwanza. Nimeona waliofichua mwaka wa tano.

Baba na kahawa yake

Hapa ndipo wengi hukwama, na hapa sina ufundi mkubwa, nina yaliyonipata.

Nilimwambia baba jioni, tukiwa tunaanika kahawa. Kosa la kwanza: nilimwambia mwenyewe, uso kwa uso, kama vile naomba hela ya daftari. Jambo la uzito ule kwetu hupitia kwa shangazi. Kosa la pili: nilisema "nimeamua". Baba alitandaza kahawa mpaka chekeche likaisha. Kisha akasema, "Nimelima nikusomeshe, Kanisa livune?" Hakuongeza neno. Wala hakunisemesha tena kwa miezi minne, ila kupitia kwa wadogo zangu: "Mwambieni dada yenu mbuzi hawajafungwa."

Nilimwona mgumu. Nilipokuwa mlezi ndipo nilipoelewa hesabu zake. Binti akiolewa, ukoo unapata mahari, ndiyo, lakini zaidi ya mahari unapata wakwe, watu wa kukuzika, wajukuu wa kuitwa majina ya waliokufa. Binti akienda utawani, baba anaona nyuzi zote hizo zimekatwa kwa mkasi mmoja. Hata kama yeye ndiye mwenyekiti wa parokia. Usimjibu kwa mistari ya Biblia. Hajakosa imani, amekosa wajukuu.

Fanya hivi. Tafuta shangazi au mjomba anayesikilizwa, umweleze yeye kwanza, akufungulie njia. Sema "naomba kwenda kuangalia". Mpeleke mzazi mmoja kwenye nyumba ya masista, akaone mahali utakapolala na watu utakaokula nao. Mama akishaonja chai ya huko, nusu ya maneno imekwisha. Mpe namba ya mlezi. Na ukae nao msimu mmoja kwa adabu, ulime, upike, usianze kutembea umeinamisha kichwa ndani ya nyumba ya mama yako kana kwamba wewe tayari ni mtakatifu. Kwa mtu mzima ridhaa ya wazazi haiwi sharti la sheria ya Kanisa, lakini mashirika mengi yataitaka, na hata yasipoitaka utaihitaji wewe usiku.

Miaka inavyohesabiwa

Majina na urefu hutofautiana. Kwa kawaida unaanza uaspiranti, mwaka mmoja au miwili ya kufahamiana, wengine humalizia shule hapo. Kisha upostulanti, maandalizi ya unovisi. Kisha unovisi, ambao sheria inaubana zaidi: uwe umetimiza miaka 17, udumu si chini ya miezi 12 ndani ya nyumba ya unovisi, na usizidi miaka 2, ila kwa nyongeza isiyopita miezi 6. Ndipo nadhiri za kwanza, ukiwa na 18 au zaidi, za useja, ufukara na utii. Hizo ni za muda, miaka 3 hadi 6, zikiongezwa zisivuke 9. Mwisho nadhiri za daima, ukiwa umetimiza 21. Novisi anaweza kuondoka siku yoyote bila kuomba ruhusa ya askofu wala kueleza mtaa. Na mlezi wako haruhusiwi kukulazimisha umfunulie dhamiri yako. Dhambi zako ni za kwenye kiti cha maungamo. Mlezi anayekubana kwa hilo, hata kwa machozi, anavuka mpaka.

Mama yangu alifariki Julai 1986, nikiwa novisi wa mwaka wa kwanza. Sheria mpya ya Kanisa ilikuwa haijamaliza miaka 3 tangu ianze kutumika, na mama mlezi aliifungua mbele yangu akaniwekea kidole: ukikosekana zaidi ya siku 15, siku hizo unazifidia, zikizidi miezi 3, unovisi unabatilika, unaanza upya. "Nenda ukazike, ukae matanga, urudi," alisema, akatia alama kwenye kalenda ya ukutani. Niliona ni ukatili. Kumbe alikuwa ananilindia mwaka wangu.

Siku ya tisa ya matanga baba alinijia nyuma ya nyumba. "Unarudi lini?" Nilidhani ananiuliza lini nitarudi nyumbani moja kwa moja, nikaanza kutafuta maneno. Hakuyasubiri. Alikuwa ameshaniombea nafasi kwenye lori la kahawa linaloondoka kesho yake kwenda Songea. Nilifika utawani siku ya kumi na moja, nimekalia magunia, nanuka kahawa mbichi.

Kabla ya nadhiri za daima unatakiwa kuandika wosia unaofaa hata kwa sheria za nchi. Nilicheka, nikasema sina kitu. Baba aliposikia alituma ujumbe kwamba ninacho: aliwagawia watoto wote miti ya kahawa baada ya mama kufa, na yangu ilikuwa 60, upande wa mtoni. Miaka yote ile aliipalilia kwa jina langu. Niliiandika kwa mdogo wangu wa mwisho.

Sasa fungasha

Ukishapata barua yenye tarehe, ndoo ruksa. Shuka mbili za rangi isiyoonyesha uchafu haraka. Blanketi zito, kama unakuja huku kwetu; Juni hapa ni baridi ya kupasua midomo. Kandambili, viatu vya shamba, jembe kama wamekuandikia jembe. Khanga mbili. Pedi za miezi mitatu. Biblia na rozari, ya plastiki inatosha. Daftari lile la miezi mitatu. Simu ya gharama iache kwa mdogo wako. Godoro usilete, tunayo, na la kwako litaleta kunguni au maneno.

Na ulete nauli ya kurudi. Itunze wewe mwenyewe, usimpe mlezi akutunzie. Pamoja nayo shika kichwani namba ya mtu mmoja wa nyumbani. Binti mwenye nauli ya kurudi hulala vizuri zaidi, akibaki, amebaki.

Asubuhi nilipoondoka, Januari 1984, baba hakutoka ndani. Nilikuwa nimefika barabarani, basi limeshapiga honi, mdogo wangu akaja mbio na karatasi ya daftari iliyokunjwa. Ndani mlikuwa na noti mbili za shilingi mia. "Baba kasema ni za kurudia." Nilizishonea kwenye upindo wa shimizi, na zilikaa humo miaka minne, nikifua shimizi kwa uangalifu kama mtu anayefua mtoto.

Usiku wa kuamkia nadhiri za kwanza, 1988, nilizifumua nikampelekea mama mlezi, maana kesho yake ningekuwa fukara kwa nadhiri. Alizitazama, zimepauka, zimelainika kama kitambaa. Nauli ilikuwa imepanda kiasi kwamba zisingenifikisha hata Songea. Moja aliichukua, akasema itanunua chumvi. Nyingine alinirudishia nikaitie kwenye kapu la sadaka asubuhi. Nilipokuwa narudi kutoka kwenye kapu, nilimwona baba benchi la mwisho, karibu na mlango, debe la maharage katikati ya miguu yake.